Magari "yaligongana" au "yalivaana"? Tunachokosa kwenye somo la ushahidi

Msomaji, tuanze na jambo dogo. Umesimama kituoni unasubiri daladala, umeinamia simu yako. Ghafla, puu! Unainua macho: bajaji imelala ubavu, pikap imepanda ukingo wa barabara. Baada ya nusu saa anafika trafiki na daftari lake. "Wewe ulikuwepo? Haya, pikap ilipomgonga mwenye bajaji ilikuwa mwendo gani?"

Umeona alichofanya? Wewe hukuona nani kamgonga nani. Uliinua macho baada ya mlio. Lakini swali limeshaamua: mgongaji ni pikap, mgongwaji ni bajaji, kilichobaki ni mwendo tu. Na wewe, kwa heshima na kwa kutaka kusaidia, utajibu: "Mwendo mkali, afande." Tayari umebeba kumbukumbu ambayo dakika moja nyuma hukuwa nayo. Kesho ukimsimulia mama yako, utamwambia umeona pikap ikimgonga mtu wa bajaji. Na hutakuwa unadanganya. Utakuwa unaamini kabisa.

Hiyo ndiyo fani yangu. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia ya jinai na sheria kwa njia ya masafa: chuo kiko Uingereza, mimi niko Dar es Salaam na bando langu. Kwa ufupi, ni saikolojia inayofanya kazi polisi, mahakamani na magerezani. Shahidi anakumbukaje? Mtuhumiwa ahojiwe vipi ili asikiri kosa ambalo hakulifanya? Mfungwa anayetoka ana hatari gani ya kurudia? Naipenda fani hii, na ndiyo maana leo nataka kuilalamikia kidogo.

Lalamiko langu ni moja: tunafundishwa utafiti mzuri sana kuhusu nguvu ya maneno, halafu tunaufundishwa kana kwamba maneno duniani ni ya Kiingereza peke yake.

Utafiti wenyewe

Kama umewahi kusoma saikolojia hata kwa muhula mmoja, umekutana nao. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wa University of Washington huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi 7 za ajali za magari. Waliwagawa katika makundi 5 ya watu 9. Kila kundi liliulizwa swali lile lile, magari yalikuwa na mwendo gani yalipofanya hivi, ila kitenzi ndicho kilichobadilishwa. Kizito kuliko vyote kilikuwa "smashed", yaani kubamizana kwa kishindo. Chepesi kuliko vyote kilikuwa "contacted", kugusana.

Filamu zile zile, majibu tofauti. Waliosikia kitenzi kizito walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa, kama kilomita 66. Waliosikia kile chepesi walikadiria maili 31.8, kama kilomita 51. Tofauti ya maili 9 imeletwa na neno moja.

Unaweza kusema, "Ah, hao walikuwa wanabahatisha tu, neno likawasukuma." Watafiti nao waliliona hilo, wakafanya jaribio la pili kwa wanafunzi 150. Safari hii waliulizwa mwendo, wakaachwa wiki nzima, halafu wakaulizwa: je, mliona vioo vilivyovunjika? Kwenye filamu havikuwepo. Katika watu 50 walioulizwa kwa kitenzi kizito, 16 walisema wameviona. Katika 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugonga, walikuwa 7. Katika 50 ambao hawakuulizwa mwendo kabisa, walikuwa 6. Swali la wiki iliyopita lilikuwa limeingia kwenye kumbukumbu likakaa humo.

Ni kazi safi. Ya bei nafuu, inayoeleweka, na imebadilisha namna dunia inavyomtazama shahidi. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyofundishwa.

Kasoro ya kwanza: tunabeba namba, tunaacha kazi

Kwenye slaidi zetu utafiti huu unachukua ukurasa mmoja: jedwali la vitenzi vitano, halafu sentensi moja kwamba kumbukumbu ya shahidi haiaminiki. Unakariri 40.8, unaiandika kwenye mtihani, unapata alama zako. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Sasa fungua makala yenyewe. Katika zile filamu 7, nne zilikuwa za ajali za kutengenezwa, kwa hiyo mwendo halisi ulijulikana. Moja ilikuwa ya maili 20, moja ya maili 30, mbili za maili 40. Watazamaji walikadiria wastani gani? Ile ya 20 waliipa 37.7. Ile ya 30 waliipa 36.2. Zile mbili za 40 waliziita 39.7 na 36.1. Yaani gari la maili 20 lilionekana kwenda kasi kuliko la maili 30, na kuliko mojawapo ya yale ya maili 40!

Hii ina maana gani? Ina maana kwamba binadamu hajui kukadiria mwendo wa gari kwa macho, na mahali ambapo macho hayajui, neno hupata nafasi kubwa. Ni jambo la thamani kubwa kwa hakimu. Lakini halisemi kwamba neno lina nguvu hiyo hiyo kwenye kila kitu ambacho shahidi anakikumbuka. Hata kwenye vioo, watu 34 kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kizito walisema hapana, hatukuviona. Wengi hawakudanganyika, ila slaidi haisemi hivyo.

Na kuna upande wa pili. Mwaka 1986 John Yuille na Judith Cutshall wa Kanada walichapisha utafiti kuhusu tukio la kweli: mwizi aliingia duka la bunduki, mwenye duka akamfuata nje, wakarushiana risasi, mwizi akafa na mwenye duka akajeruhiwa vibaya. Mashahidi 21 walihojiwa na polisi. Miezi minne hadi mitano baadaye, 13 kati yao walikubali kuhojiwa tena na watafiti. Walikumbuka vizuri sana, na maswali ya kupotosha yaliyochomekwa makusudi hayakuwayumbisha wengi wao. Ni watu 13 tu, na ni wale waliokubali kurudi, kwa hiyo tusishangilie mno. Ila kumwona mtu akifa mbele yako si sawa na kutazama filamu ya dakika moja darasani.

Mwanafunzi aliyefundishwa yote mawili ataingia mahakamani na swali: shahidi huyu alikuwa katika hali gani, na aliulizwa vipi? Aliyefundishwa slaidi moja ataingia na hukumu mkononi. Mimi ningemwogopa huyo wa pili.

Kasoro ya pili: kitenzi ni cha nani?

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kupendekeza namna ya kurudia utafiti huu. Nikasema rahisi, nitautafsiri kwa Kiswahili. Nikakaa na kalamu. Kitenzi cha kwanza tu kikanishinda.

Nikaenda kijiweni kwa bodaboda, pale pale ninapopandia kila siku, nikawauliza: magari mawili yakikutana vibaya, mnasemaje? Nikamwagiwa maneno. Yamegusana. Yamekwaruzana. Yamepigana pasi. Yamegongana. Yamevaana. Yamebamizana. Ukazuka ubishi: mmoja anasema kuvaana ni lazima uso kwa uso, mwingine anasema hata ubavuni mnavaana vizuri tu. Kisha mmoja aliyekuwa kimya anafuta pikipiki yake akasema bila kuinua kichwa: "Kaka, inategemea nani anauliza. Akiuliza trafiki, tumegusana. Akiuliza mtu wa bima, tumebamizana."

Kijiwe kizima kikacheka. Mimi nilicheka pia, halafu njiani nikaacha kucheka. Yule bwana alikuwa amegusa kitu ambacho kozi yangu haijakigusa. Kwenye maabara kitenzi kinatoka kwa anayeuliza kwenda kwa anayejibu. Barabarani kitenzi kinatoka pande zote mbili, na kila mmoja anakichagua akijua kina gharama gani.

(Tuelewane: kijiwe si utafiti. Watu saba kwenye benchi hawathibitishi kitu. Wanaonyesha tu swali lilipo.)

Halafu kuna sarufi. Kwa Kiingereza, kwenye vitenzi vyote vitano, swali lilikuwa la magari yote mawili kwa pamoja. Kwa Kiswahili kazi hiyo inafanywa na kiambishi chetu "-ana": yaligongana. Ukisema hivyo, lawama umeigawa pasu kwa pasu. Ukisema "pikap iligonga bajaji", lawama ina mwenyewe. Ukisema "bajaji iligongwa", mwathirika yuko mbele na mgongaji amefichwa. Na tuna ile "-ika" tunayoijua tangu utotoni, ya "mama, kikombe kimevunjika", ambapo kikombe kinaonekana kilijiamulia chenyewe.

Je, haya yanabadilisha kumbukumbu? Kuna sababu nzuri ya kuuliza. Mwaka 2011 Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha utafiti uliowalinganisha wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania. Waliwaonyesha video za mtu akifanya jambo, mara kwa makusudi, mara kwa bahati mbaya. Kwenye makusudi, makundi yote mawili yalieleza na kukumbuka sawa. Kwenye bahati mbaya, wasemaji wa Kiingereza walielekea zaidi kusema "fulani amevunja", na walimkumbuka mtendaji vizuri kuliko wasemaji wa Kihispania, ambao lugha yao ina njia ya kawaida ya kusema kitu kimevunjika bila kumtaja mtu.

Kiswahili nacho kina njia hiyo. Basi ulitegemea mtu angesema darasani, "Jamani, hapa kuna utafiti wa kufanya." Hakuna aliyesema. Nilipoandika kwenye kazi yangu kwamba vitenzi havitafsiriki moja kwa moja, nilirudishiwa maoni ya mstari mmoja: hilo ni suala la tafsiri, si la saikolojia.

Hapana. Kama neno linaunda kumbukumbu, basi tafsiri ndiyo saikolojia yenyewe.

Kwa nini hili si ubishi wa wasomi tu

Jirani yetu ni karani mstaafu wa mahakama. Nilimpelekea swali hili jioni moja. Shikamoo, marahaba, nikapewa kiti.

"Mwanangu," aliniambia, "shahidi anasimama, anasema Kiswahili. Wakili anauliza Kiswahili. Hakimu anasikia Kiswahili, anainama, anaandika Kiingereza. Miaka yote nimeona hivyo. Sasa wewe msomi niambie: shahidi akisema 'alinivaa', utaiandikaje?"

Nikafungua mdomo nikaufunga. Kumvaa mtu kunaweza kuwa kumgonga na gari. Kunaweza kuwa kumrukia mwilini. Kunaweza kuwa kumshambulia kwa maneno tu, bila hata kumgusa. Shahidi aliyesema "alinivaa" hajachagua, lakini Kiingereza kinamlazimisha anayeandika achague. Kesi ikienda rufaa, majaji hawamwoni tena yule shahidi. Wanasoma kumbukumbu za mwenendo wa kesi, yaani kitenzi ambacho shahidi hakukitamka. Kati ya maneno hayo matatu kuna mtu wa kwenda jela na mtu wa kurudi nyumbani.

Mwaka 2021 sheria Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa katika mazingira fulani. Ni hatua kubwa. Ila fikiria ni kumbukumbu ngapi za kesi zimeandikwa kwa njia ile ya zamani, na watu wangapi wamehukumiwa kwa hizo.

Utasema: chuo kiko Uingereza, kinafundisha kwa ajili ya Uingereza, ulitaka nini? Hoja ina uzito. Kule jina la taaluma hii linalindwa na sheria: unamaliza uzamili, unafanya kazi kwa miaka kadhaa chini ya msimamizi, ndipo unasajiliwa na baraza la HCPC na kuruhusiwa kujiita mwanasaikolojia wa jinai. Lazima wafundishe mahakama zao na magereza yao. Lakini hata London kuna watu wanaohojiwa na polisi kupitia mkalimani. Askari anauliza kwa kitenzi kimoja, mkalimani anachagua kingine, shahidi anajibu kwa cha tatu. Kwa hiyo shimo hili si letu peke yetu. Sisi tunaliona haraka kwa sababu tunaishi ndani yake.

Kasoro ya tatu: historia inaanzia kwa wengine

Kwenye kozi yangu, tahadhari juu ya shahidi wa macho inaanza kwa wanasaikolojia wa Marekani. Sasa sikia. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Abdala bin Wendo, ilitoa onyo juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja pale mazingira ya kuona yalipokuwa magumu. Hiyo ni miaka 21 kabla ya zile filamu 7. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani, ikaweka maswali ambayo mwanasheria yeyote hapa anayajua kwa kichwa: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Je, aliwahi kumwona kabla?

Yasome tena taratibu. Muda, umbali, mwanga, kufahamiana. Ni saikolojia ya utambuzi, imeandikwa na majaji.

Nisiwapambe kupita kiasi. Majaji walitumia busara na uzoefu, hawakupima. Mwanga wa kibatari unatosha kumtambua mtu umbali gani? Kufahamiana kunasaidia kiasi gani kabla hakujaanza kudanganya, pale unapoona kivuli na moyo unakwambia "huyu ni fulani wa kwa fulani"? Hayo yanahitaji vipimo, na hapo ndipo mwanasaikolojia angeanza kazi. Majaji wameshatuandikia maswali, sisi hatujaleta majibu, kwa sababu tuko bize kukariri 40.8.

Basi tufanyeje?

Simwambii mtu aache kusoma fani hii. Tunahitaji watu wengi zaidi, si wachache. Ila kama unafikiria kuomba nafasi, hapa au ng'ambo, usiishie kuuliza ada na muda. Waulize pia: mnasoma makala zenyewe au muhtasari wake? Mnafundisha kuhoji kupitia mkalimani? Naweza kufanya tasnifu kwa lugha ambayo mashahidi wa kwetu wanaitumia? Wakikujibu kwamba lugha ni suala la tafsiri, jua kazi hiyo utaibeba mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo kozi yangu imelifundisha vizuri, nalisema kwa haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 polisi wa Uingereza na Wales walianza kufundishwa mfumo wa mahojiano uitwao PEACE. Moyo wake ni kwamba mwache mtu asimulie kwanza, usimlishe maneno. Badala ya "pikap ilipomgonga ilikuwa mwendo gani", unasema "nieleze ulichoona, tangu mwanzo." Basi. Swali hilo linafanya kazi kwa Kiswahili bila shida yoyote, kwa sababu kitenzi kinamwachia shahidi mwenyewe.

Kwa hiyo siku ukiwa pale kituoni, na puu imeshatokea, usianze kujadiliana na waliokuzunguka. Toa simu, andika au jirekodi ulichoona wewe, kwa maneno yako. Kama hukuona mgongano, sema hukuuona. Na akija mtu na daftari akakuuliza nani alimgonga nani, una haki ya kumjibu kwa adabu: "Afande, naomba nikueleze nilichoona kwanza."

Mimi narudi kwenye tasnifu yangu. Nimeamua itahusu "-gonga", "-gongana" na "-gongwa", na msimamizi wangu amekubali, shingo upande. Majibu nikiyapata, mtayasoma hapa hapa, hata kama yatanionyesha kwamba nilikosea.